Usingoje Goti Likushauri

Kila mwaka mwezi wa Agosti, tamasha la muziki la taifa likishaisha na vijana wamerudi nyumbani na vyeti vyao, napata mgeni mlangoni. Ana miaka 22, au 25. Anacheza vizuri, wengine vizuri sana. Ameshafunza ngoma katika shule tatu nne za hapa Nakuru, amecheza usiku kwenye hoteli za Naivasha, na mara moja ameitwa Nairobi kwa onyesho lililomlipa nauli na kidogo juu yake. Sasa anataka kujua kama densi ya kisasa inaweza kuwa kazi ya maisha, na kama siku moja anaweza kusimama mbele ya darasa la chuo kikuu akafundisha kitu hiki kinachomkosesha usingizi.

Kabla sijamjibu humwuliza: kazi uliyoitunga mwaka jana iko wapi? Huinamisha kichwa. Iko akilini, husema. Kipande kimoja kilikuwa kwenye simu ya rafiki, na rafiki ameiuza simu.

Yanayofuata nimeyasema sebuleni kwangu kwa mmoja mmoja. Leo nawaambia wote, pamoja na wazazi wao.

Mimi nilijifunza kwa maumivu. Nilikuwa na miaka 31. Ilikuwa Julai, asubuhi ya ile baridi yetu inayoshuka kutoka Menengai, nasi tulikuwa mazoezini katika ukumbi wa mtaa wenye sakafu ya saruji. Niliruka, nikatua vibaya, nikasikia goti la kulia likilia kama kijiti kikavu. Nilikaa kitako wiki 11. Katika wiki hizo nilijaribu kuorodhesha kazi nilizotunga tangu nimalize shule. Zilikuwa tisa. Nilizoweza kuzikumbuka mwanzo hadi mwisho, kiasi cha kumfundisha mtu mwingine, zilikuwa mbili. Saba zilikuwa zimekwenda, na waliozicheza walikuwa wametawanyika: mmoja Doha, mwingine anaendesha bodaboda Free Area, wengine sijui waliko hadi leo. Nilipoomba nafasi ya shahada ya uzamili, jopo liliniomba niwaonyeshe nilichotunga. Nilikuwa na picha nne na barua ya mwalimu mkuu.

Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa mcheza densi anayetaka kufika chuoni ni hili: anza kuandika na anza kufundisha sasa, ukiwa bado una magoti mawili mazima. Wengi hufikiri maisha ya msanii yamepangwa kwa zamu, kwamba kwanza utacheza, kisha utatunga, na mwili ukichoka utaenda kufundisha. Wakifika zamu ya mwisho wanakuta mlango umefungwa, maana chuo kinaajiri kwa vyeti na ushahidi, na vyote viwili huchukua miaka kuvikusanya.

Tuseme ukweli wa mahali tulipo. Bonde la Ufa la kati halina uhaba wa vyuo. Egerton kule Njoro ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya Lord Maurice Egerton, ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987, na ina idara ya fasihi na lugha. Kabarak wanafundisha muziki. Laikipia wako upande wa Nyahururu, na ukipanda hadi Eldoret, Moi wana fasihi, tamthilia na filamu. Lakini densi kwetu haijajengewa nyumba yake. Ni mpangaji, imekodi chumba kwa muziki, au kwa tamthilia, au kwa elimu ya michezo. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara inayobeba neno densi katika jina lake, Muziki na Densi. Majirani zetu wametangulia: Makerere walianzisha idara ya muziki, densi na drama mwaka 1971, na Bagamoyo kuna chuo cha sanaa kilichofunguliwa mwaka 1981, ambacho leo kinaitwa TaSUBa.

Basi mcheza densi wa Nakuru lazima achague mwenye nyumba wake mapema, kwa macho wazi. Ukipitia fasihi utakuwa mwandishi hodari wa mambo ya jukwaa, lakini huenda ukamaliza miaka minne bila kupasha mwili joto hata mara moja darasani. Ukipitia michezo utaujua mwili: misuli, mifupa, namna jeraha linavyopona. Ukinishinikiza nichague, nasema muziki. Mtu anayejua kusoma mdundo na kuuandika hapotezi ngoma kirahisi. Tena kuna sababu mpya. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa Gredi ya 10 wameingia sekondari ya juu, na katika mkondo wa sanaa na michezo kuna somo linaloitwa Muziki na Densi. Yameandikwa pamoja, kama somo moja. Shule zitakazolifundisha zitataka walimu wanaojua pande zote mbili, na walimu hao lazima wafundishwe mahali. Ndiyo maana namwambia kijana wa leo kwamba mlango ni mpana kuliko ulivyokuwa wakati wangu.

Kuhusu vyeti sitazunguka. Kwa vigezo ambavyo Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilivitoa mwaka 2014, cheo cha mhadhiri hutaka shahada ya uzamifu. Mwenye uzamili huanzia ngazi ya chini yake. Marekani kuna shahada ya uzamili ya sanaa ambayo kwao huhesabiwa kuwa ya mwisho kwa msanii anayefundisha chuo. Ukirudi nayo Nakuru, jua kwamba inaweza kuhesabiwa uzamili tu, na kwamba itabidi itambuliwe rasmi kabla haijakufaa. Uliza hilo kabla ya kukata tiketi ya ndege. Nimeona machozi ya mtu aliyeuliza baada ya kurudi.

Hata hivyo njia hiyo imewafikisha watu. Wanjiru Kamuyu, mzaliwa wa Nairobi, alisoma shahada hiyo ya sanaa Temple, mjini Philadelphia, akacheza na Urban Bush Women wa New York, akapanda jukwaa la The Lion King mjini Paris, akaunda kundi lake, WKcollective, na akafundisha katika vyuo vikuu vya Marekani huku bado akitunga na kucheza. Tazama mpangilio wake: hakungoja kuvua viatu vya jukwaani ndipo ashike chaki.

Germaine Acogny wa Senegal naye alianza kama mwalimu wa elimu ya viungo. Alifungua studio yake Dakar mwaka 1968, uani kwake, akawa anachunguza jinsi mwili unavyosogea katika ngoma alizokuwa akizifahamu. Kuanzia 1977 hadi 1982 aliongoza Mudra Afrique, shule iliyoanzishwa na Maurice Béjart na Rais Senghor. Shule ilifungwa. Lakini mwaka 1980 Acogny alikuwa ameshaitia mbinu yake katika kitabu, kwa hiyo shule ilipokufa mbinu haikufa nayo. Baadaye alijenga École des Sables kule Toubab Dialaw, ambako wacheza densi kutoka bara zima huenda kunoa kazi yao, na mwaka 2021 alitunukiwa Simba wa Dhahabu mjini Venice. Mtu akiniuliza kwa nini nasisitiza daftari, namtajia huyu mama.

Karibu zaidi na sisi kuna Alfdaniels Mabingo wa Makerere. Alichukua namna ngoma za Uganda zinavyofundishwa, akaifanyia utafiti hadi akapata uzamifu Auckland, New Zealand, na mwaka 2020 akachapisha kitabu kuhusu ufundishaji huo na falsafa ya utu iliyo ndani yake. Wengine wanatafuta mada ya tasnifu kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni mwake. Yeye aliiona pale pale kijijini, kwa mwalimu wa ngoma na duara la watoto.

Na kwa wale wanaoamini kwamba lazima mtu ahamie mji mkuu ndipo aonekane, nawaelekeza Kisangani. Mwaka 1997 Faustin Linyekula, Mkongo aliyekuwa Nairobi wakati huo, alianzisha kundi la Gàara pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen. Mwaka uliofuata kazi yao, Cleansing, ilipata tuzo Luanda. Linyekula alirudi kwao mwaka 2001 akaanzisha Studios Kabako mjini Kinshasa, kisha akaihamishia Kisangani, mji wa mtoni ulio mbali na mji mkuu. Kutoka huko kazi zake zimezunguka dunia. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, lina ukumbi wa Nakuru Players, na Nairobi iko kilomita 160 tu. Hatuna sababu ya kujiona pembeni.

Sasa tuje kwenye daftari lenyewe, maana "andika" ni neno rahisi kutamka, na vijana huniuliza wataandika nini.

Miaka michache iliyopita nilikuwa natafuta namna ya kuiingiza mwomboko katika kazi ya kisasa. Mwomboko, kama mnavyojua, ni densi ya Wagikuyu ya wawili wawili, iliyozaliwa enzi ya ukoloni watu walipolitwaa akodioni na densi za Wazungu wakazigeuza ziwe zao. Hatua mbili, kisha kuinama. Nilikwenda kwa mzee mmoja upande wa Bahati aliyekuwa bado na akodioni lake, na mwenzake akigonga karing'aring'a, ile pete ya chuma. Nikacheza kama nilivyokuwa nimeona kwenye video. Mzee akasimamisha akodioni.

"Msichana wangu, wewe unahesabu," akaniambia. "Unahesabu halafu unainama. Inama kwanza, chuma kikukute chini."

Tulirudia asubuhi nzima. Ilipofika saa sita nilielewa: goti linaanza kulegea kabla ya mlio, si juu ya mlio, na uzito unakuwa kisiginoni kwa mguu wa ndani na kwenye ncha ya kidole kwa mguu wa nje. Mwenzi anauhisi mlegeo huo kupitia mkononi, ndiyo maana wawili huinama kama mtu mmoja. Jioni ile niliandika hivi: tarehe, mahali, aliyenifundisha na aliyegonga chuma, na kwamba wamekubali niandike, hesabu ya mdundo, mguu gani unatangulia, goti linaanza lini, uzito uko wapi, mkono wa mwenzi unasema nini, nilichokosea. Chini yake nikachora mishale ya kuelekea jukwaani. Ukurasa mmoja na nusu. Video niliyopiga siku hiyo ilinionyesha umbo la mwinamo, lakini haikunionyesha uzito. Uzito uko kwenye ukurasa ule, na ukurasa ule ndio uliozaa sura ya tatu ya tasnifu yangu.

Kuna wataalamu wanaotumia alama za Rudolf Laban, mfumo wa kuandika miondoko uliotangazwa mwaka 1928. Ukiweza kuujifunza, vizuri. Usipoweza, Kiswahili chako cha kawaida kinatosha kuanzia, mradi uandike siku ile ile. Ukilala juu ya mwondoko, asubuhi utaandika kile unachotamani ungekuwa umekiona. Video nayo piga, kwa simu iliyosimama mahali pamoja, ikionyesha miguu. Wapigaji wetu wanapenda nyuso na kukata miguu. Ihifadhi mahali pawili. Sheria yetu ya hakimiliki hulinda kazi iliyowekwa katika umbo linaloweza kuonyeshwa, kwa hiyo ngoma iliyo kichwani haina mtetezi.

Kwenye daftari kuna mstari ambao usiuruke kamwe, ule wa aliyekufundisha na idhini yake. Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni za jamii, na ngoma zimo. Lakini hata bila sheria, sisi wa Bonde la Ufa tunapaswa kujua uzito wa jambo hili kuliko wengine. Waendorois walitolewa pembezoni mwa Ziwa Bogoria miaka ya 1970 ili paanzishwe hifadhi ya wanyama, wakatetea haki yao hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, na uamuzi uliotoka mwaka 2010 uliwapa ushindi, ikiwemo haki ya utamaduni wao. Mtu aliyepoteza ardhi asije akapoteza na ngoma yake mikononi mwa msanii mwenye haraka. Uliza wazee. Ziko sehemu za jando na unyago ambazo hazipandishwi jukwaani, na ukiambiwa hapana, ni hapana.

Kazi ya shule ndiyo chuo cha kwanza cha mtunzi katika eneo letu. Muhula wa kwanza kuna tamasha la drama, wa pili kuna la muziki, na shule hutafuta wakufunzi wa nje. Aprili 2025 tamasha la drama la taifa lilikuja hapa Nakuru. Wengi wanalikumbuka kwa mabomu ya machozi na wasichana wa shule ya Butere walioondoka bila kuigiza. Mimi nalikumbuka pia kwa vijana wakufunzi niliozungumza nao nje ya kumbi, kila mmoja na ngoma aliyoitunga, na hakuna aliyekuwa na hata barua ya nusu ukurasa inayosema hii ni kazi yake. Ukiitwa na shule, omba makubaliano ya maandishi kabla ya mazoezi ya kwanza: siku ngapi, malipo kiasi gani na lini, jina la mtunzi litaandikwa wapi. Mwalimu mkuu mwema hatakasirika. Baada ya mashindano omba nakala ya karatasi ya waamuzi yenye maoni yao. Karatasi hizo, zikifika kumi, zinaonyesha jopo la chuo jinsi ulivyokua mwaka hadi mwaka, na hakuna cheti kinachoweza kuonyesha hivyo.

Hapo hapo shuleni ndipo unapojifunza kufundisha. Kujua kucheza na kujua kufundisha ni vitu viwili. Jizoeze kuandika mpango wa somo: leo mwanafunzi ataondoka akijua nini ambacho hakukijua alipoingia? Jizoeze kusahihisha mwili wa mtu bila kumdhalilisha. Densi inagusa, mwalimu hushika bega, nyonga, mgongo. Omba ruhusa kila mara, sema unashika wapi na kwa nini, fanya hivyo mbele ya wengine, na mwanafunzi akikataa, mwonyeshe kwenye mwili wako mwenyewe. Nalisema hili kwa uzito wote nilio nao. Vipo vipaji vingi vya wasichana, na vya wavulana pia, vilivyoacha densi kwa sababu ya mkono wa mwalimu.

Ukipata saa za kufundisha chuoni kwa mkataba wa muda, zichukue, ila usiziegemee peke yake. Chuo kimoja kilinilipa muhula wa kwanza baada ya miezi 14. Nilipona kwa sababu nilikuwa na darasa la watoto Jumamosi na kazi ya shule mbili. Tia sahihi kila kipindi ulichofundisha, weka nakala ya fomu ya madai, na usiseme shahada itakulisha mwezi huu.

Na mwili. Kumbi zetu nyingi ni saruji. Morani wa Kimaasai anaporuka katika ngoma ya adumu hutua kwenye udongo, kisigino hakigusi chini, na udongo humpokea. Ukiupeleka mruko ule ule kwenye saruji mara mia kwa siku, ugoko utalipa, kisha goti. Punguza miruko mazoezini, itunze kwa ajili ya onyesho. Tandika mikeka, vaa raba, pasha mwili joto dakika 20 hata mkiwa mmechelewa, na maumivu yakizidi siku tatu nenda kwa mtaalamu wa viungo. Mafuta ya kuchua hayashoni kano.

Mzazi, najua unachokiogopa. Umeuza maziwa na viazi kumsomesha mtoto, sasa anasema densi. Usimkatalie, wala usimwachie tu. Mwulize anayoyauliza mzazi wa mtoto anayesomea uanasheria: utasomea wapi, utapitia idara gani, kazi zako ziko wapi, nani amekufundisha. Akiwa na majibu, msaidie. Asipokuwa nayo, mpe mwaka mmoja ayatafute.

Nawe kijana, ukitoka mazoezini leo jioni pitia dukani, nunua daftari la jalada gumu. Andika tarehe kwenye ukurasa wa kwanza, na chini yake ngoma uliyoicheza leo, kuanzia mguu uliotangulia.